Kamati ilisema bosi ananitania tu: rufaa yangu ya ubaguzi kazini

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu tulieni.

Hii imenikuta mimi mwenyewe, hapahapa Mwanza. Mnaonifahamu humu mnajua huwa nakoleza chumvi, lakini kwa upande wa bosi sijaongeza hata punje. Alikuja nayo ya kutosha.

Mimi ni mtumishi wa umma, ofisi siitaji. Niliajiriwa kama mhudumu wa ofisi: nachemsha chai, nafungua madirisha, napeleka barua meza kwa meza na kile kitabu cha kusainisha aliyepokea.

Nikaingia shule ya jioni. Nilirudia fomu foo nikiwa na ndevu kuliko mwalimu wa hesabu. Nikaunganisha na cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, jioni hukohuko. Nilisinzia mpaka dawati likaacha alama kwenye paji la uso. Ukiniangalia vizuri utasoma namba ya darasa.

Aliyenisukuma ni mama. Nikikaa dakika mbili tu kwenye tivii, sauti inatoka jikoni: "Masatu! Hayo madaftari yamekukosea nini?"

Kwa cheti hicho nilistahili kubadilishiwa kada. Nitoke kwenye chai, niingie masijala, nikae na mafaili kama mtu. Ila barua ya kuomba lazima ipitie kwa mkuu wa idara, yaani bosi.

Bosi ni mtu wa bara, wazee wangu ni watu wa kisiwani, hukuhuku ziwani. Makabila sitaji, wasimamizi wa jukwaa wasije kunifungia.

Barua akaikalia. Nikiulizia, ananijibu mbele ya watu: "Masatu, nyie wa visiwani nikiwapa masijala si mtaanika dagaa juu ya mafaili?"

Ofisi nzima inacheka. Na mimi nacheka. Bosi akichekesha, meno yako hayana ruhusa ya kubaki ndani.

Lakini watatu walioajiriwa nyuma yangu, wote wa kwao bosi, barua zao zilipita. "Watu wa kwetu wana mpangilio," alisema hivyo kikaoni, tena kwa sauti.

Siku moja uvumilivu ukaisha. Karudia habari za dagaa, nikamjibu: "Mkuu, afadhali dagaa. Watu wa kwenu wakikabidhiwa mafaili watayahesabu pamoja na ng'ombe wa mahari."

Wakuu, ofisi ilianguka kwa kicheko. Mhasibu alimwaga chai mpaka kwenye soksi.

Kesho yake kuna barua: nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kudhalilisha kabila la kiongozi.

Na nani anapeleka barua pale ofisini? Nilijiletea mwenyewe. Nikajisainisha kwenye kitabu changu, kwa kalamu yangu.

Mwezi huohuo mama akatutoka.

Msiba ulikuwa Buswelu, nyumbani kwake. Kuna jirani yake, Mama Neema, fundi cherehani. Kabila lake na letu ni watani wa kweli, wa tangu mababu. Akaja na wenzake, kavaa kitenge cha mama, akalala njiani mbele ya jeneza, eti hapiti mtu. Kisha akainuka, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni: "Masatu! Hayo madaftari yamekukosea nini?"

Sauti ileile.

Nililia na kucheka kwa pamoja. Mnaojua watani msibani mnajua ninachosema. Ile ndiyo kazi yao, na wanaifanya kwa upendo.

Bosi naye alikuja, nisimnyime haki yake. Alikaa viti vya mbele vya wageni, miwani myeusi, maji ya chupa mkononi. Akatoa pole kwa niaba ya ofisi, akaondoka.

Matanga yalipoisha, nikaandika malalamiko ya ubaguzi. Kamati ya ofisini ikakaa, na chai yao nikachemsha mimi mlalamikaji. Majibu yakatoka: maneno ya mkuu ni "utani wa makabila, mila yetu nzuri." Malalamiko hayana msingi. Ombi la kada libaki lilipo.

Nikasema hapana. Nakata rufaa.

Sasa oneni maajabu ya serikali: barua ya rufaa nayo inapitia kwa mkuu wako wa kazi. Unamshtaki mtu kisha unamwomba akubebee mashtaka! Bahati nzuri nimebeba barua miaka yote hiyo, njia zake nazijua kuliko njia ya kwangu Mkolani. Moja nikampa bosi, kopi nikaipeleka juu kwa mkono wangu, na ile barua ya kunitaka nijieleze nikaiambatisha.

Siku ya kusikilizwa nilikuwa na hotuba ndefu, ukiitandika inafika ziwani. Sikuisoma hata mstari mmoja.

Mwenyekiti wa jopo la rufaa alikuwa mama mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, uso hauna habari na mtu. Bosi akaanza kwa kujiamini: "Mheshimiwa Mwenyekiti, huyu ni mtani wangu. Tunataniana kila siku."

Mwenyekiti akainua ile barua ya kunitaka nijieleze. "Na hii?"

"Hapo alivuka mipaka, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo wewe ukimtania ni mila. Yeye akikutania ni kosa."

Bosi akaanza kupekua makaratasi yake.

"Haya. Rufaa inasema alifiwa na mama yake mwezi huohuo. Ulikwenda msibani?"

Bosi akachangamka kama kapewa swali alilolisoma. "Nilikwenda! Nilikaa mbele kabisa. Nikatoa pole za ofisi."

"Ulitoa pole."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mtani anatoa pole? Mtani anakaa viti vya wageni? Jeneza ulilizuia? Nguo ya marehemu uliivaa?"

Mjumbe mmoja akageukia dirishani, mabega yanatikisika.

"Basi huyu si mtani wako," mwenyekiti akasema. "Huyu ni mtumishi aliye chini yako, na barua yake umeikalia."

Wakuu, mimi hapo nilikuwa namsikia Mama Neema tu, na marehemu mama yangu nyuma yake.

Baada ya wiki kadhaa uamuzi ukatoka. Nimeshinda. Bosi anapewa onyo, ombi langu lipelekwe bila kucheleweshwa tena. Bahasha yake ikafika ofisini, na mhudumu wa kupeleka barua alikuwa bado ni mmoja.

Nikagonga mlango. Nikaweka bahasha mezani, nikafungua kitabu, nikamshikisha kalamu.

"Saini hapa, mtani."

Akasaini. Kisha akanirudishia kalamu yangu.

Leo nawaandikia nikiwa masijala. Dagaa nimekuja nao kweli, ila wako kwenye kontena, ni chakula cha mchana. Mafaili yamekauka vizuri.

Nilichojifunza: mtu akikuumiza halafu akasema ni utani, muulize zamu yako ni lini. Akikasirika, hapo hakuna utani. Na kila karatasi unayopewa kazini itunze, hata ile iliyoandikwa kukumaliza. Mimi iliyoniokoa ni hiyohiyo.

Aliyepitia rufaa za namna hii aweke uzoefu wake hapa chini. Wengine nitanieni mtakavyo, ila mjue na mimi nitajibu.