Pazia la Kona ya Runji

Wawira hana subira na nyaya. Akiingia nyumbani kwa mtu akaona waya umening'inia kutoka kwenye televisheni hadi sakafuni kama utumbo wa mbuzi, mikono inamwasha. Ndiyo maana duka lake na mumewe Munyi, kule Majengo mjini Meru, lina sura ya ndoa yenyewe: upande mmoja cherehani na mapazia, upande wa pili redio zilizopasuliwa matumbo. Munyi hufunga televisheni ukutani, huweka taa na kamera. Wawira humfuata nyuma akificha na kupamba, mpaka mashine ionekane kama imezaliwa humo humo. Majirani huwatania kwamba mume huivua nyumba nguo na mke huivisha. Wao hucheka, na kazi haikauki.

Na Wawira anazijua nyumba za huku. Haziwezi kuvumilia mashine iliyo uchi. Sofa ina kitambaa, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa kinachoinuliwa wakati wa taarifa ya habari na kushushwa mara habari zikiisha. Hata rimoti haijavuliwa karatasi yake ya nailoni. Vitambaa hivyo Wawira huvifuma mwenyewe kwa krosheti, na kila mteja humwachia kimoja bure, kama asante. Ukarimu huo ndio uliokuja kumtia matatani.

Mteja wake alikuwa Mama Ciakuthii wa Kibirichia, mjane, binti wa Embu aliyeolewa kwa Wameru akiwa msichana, sawa na Wawira mwenyewe. Mwaka huu bibi huyu aliteleza mlangoni mwa jikoni akaanguka, akabaki sakafuni hawezi kuinuka, mpaka jirani aliyekuja kuomba mbegu ya viazi alipomkuta. Mwanawe wa pekee, Mutugi, anafanya kazi Nakuru. Habari zilipomfikia aliogopa vibaya sana, na mtu aliyeogopa hana maneno mengi. Alisema ama kamera iwekwe sebuleni, awe akimwona mama yake kwa simu wakati wowote, ama nyumba ifungwe na mama ahamie Nakuru.

"Mimi hapa nitatoka nikiwa nimebebwa," alisema Mama Ciakuthii. Akachagua kamera.

Munyi aliifunga juu ukutani, ikitazama sofa na kiti cha konani. Wawira akaupitisha waya nyuma ya ubao mwembamba alioupaka rangi ya ukuta, na wakati wa kuaga akaacha kitambaa chake cheupe juu ya meza. Wiki haikuisha kabla Mutugi hajapiga simu.

"Hiyo kamera yenu ni mbovu. Naona tu nyeupe, nyeupe, kama niko ndani ya ukungu."

Wawira alipanda Kibirichia, akafungua mlango wa sebule, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kitambaa chake kilikuwa kimefunika kamera kwa unadhifu wa ajabu, pembe zote sawa.

"Mama, umelifunika jicho!"

"Si wewe uliniachia kitambaa? Nilijua ni chake."

Basi Wawira akaketi papo hapo na sindano, akafuma kingine chenye tundu katikati na ua kulizunguka tundu, ili kamera ivae na bado ione. Aliondoka akijisifu moyoni. Kesho yake Mutugi akaona nyeupe tena. Kitambaa kilikuwa kimesogezwa kando, ua likatazama dari.

Safari hii Mutugi hakulaumu kamera. "Huyu mama anafanya makusudi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Jumamosi nakuja na gari nimchukue. Sitaki kuja kumzika kwa sababu ya kitambaa."

Wawira hakulitaka hilo. Alikuwa ameanza kumpenda mama huyu. Wakiwa wawili walikuwa wakizungumza Kiembu tupu, wakicheka mambo ambayo huku hakuna anayeyacheka, na ilikuwa kama kurudi kwao bila kupanda gari. Tena alijua wazee wanaong'olewa. Wanawekwa kwenye kochi zuri, wanalishwa vizuri, na wanakauka.

Alirudi bila sindano. Alimkuta Mama Ciakuthii jikoni akimenya viazi, akachukua kisu, wakamenya pamoja mpaka sufuria ikakaribia kujaa. Kisha akauliza taratibu, "Mama, kwa nini hutaki mtoto wako akuone?"

"Nani amesema sitaki? Mtu akija kwangu hupiga hodi. Nampisha, nakaa vizuri, nafunga kitambaa kichwani. Mutugi siku hizi anaingia tu. Ananiangalia na hanisalimii. Akipiga simu ananiuliza mbona jana nilichelewa kuamka. Nimezaa mtoto au nimezaa askari?"

Aliweka kisu chini. "Na hicho kiti kinachoangaliwa na kamera ni cha Runji. Asubuhi nikishakunywa chai nakaa hapo karibu nacho, namweleza marehemu habari za shamba. Kuna siku nalia. Hayo ni yangu na mume wangu, mwari wakwa, binti yangu. Hata mtoto tuliyezaa pamoja hayamhusu."

Wawira aliona aibu ya kikazi. Alikuwa ameupima ukuta, waya na rangi, na hakupima mahali mtu anapolilia mumewe. Alimshika bibi mkono ulioloa maji ya viazi, akaushikilia.

Jioni ile alimpigia Mutugi akampa maneno yale yote, hakupunguza wala kutia chumvi.

"Alisema analia?" Mutugi akauliza.

"Alisema ni mambo yake na baba yako. Niache kidogo nipange hiyo nyumba upya."

Siku ya Ijumaa alifika na Munyi. Walitoa kamera sebuleni, wakaitia ndani ya rafu ya mbao kwenye ukumbi, kati ya saa ya ukutani na kalenda ya kanisa, ikitazama mlango wa jikoni pale mama alipoanguka, na njia anayopita siku nzima. Kutoka hapo ingeona pia kona ya Runji, kwa hiyo Wawira alitundika pazia zito la rangi ya udongo, lenye kamba fupi inayofikiwa na mkono wa mtu aliyeketi. Macho hayana pazia, husema watu. Haya ya Mutugi yalipewa lake, na kamba ikakabidhiwa mwenye nyumba.

Munyi alikuwa bado anakaza skrubu wakati sauti ya Mutugi ilipotoka kwenye spika ya kamera, mle rafuni.

"Hodi, mama."

Mama Ciakuthii alishtuka nyuma ya pazia. "Ngoja. Sijafunga kichwa."

Mutugi akangoja. Bibi alijifunga kitambaa, akanyoosha rinda lake, ndipo akavuta kamba.

"Sasa karibu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo." Kisha, "Nisamehe. Nilikuwa nakuchungulia tu kama mwizi."

"Uliogopa, mwanangu. Hata mimi niliogopa hapo chini."

"Kesho bado nakuja," Mutugi akasema.

Wawira akasimama na pini za pazia mkononi. Bibi alishika mkono wa kiti cha Runji kwa nguvu. "Na gari?"

"Na gari. Nakuja na watoto. Tutalala huko, kama kuna nafasi."

Mama Ciakuthii alimgeukia Wawira, akasema kwa Kiembu, "Nenda upime dirisha la chumba cha Mutugi. Alipoondoka nilivua pazia nikalifua, na sikuona wa kumtundikia tena."