Mama Yuko Eda

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhesabu moshi ambao haukutoka. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke. Asubuhi nyingine, nikivuka Ruvu kwa pikipiki na ukungu umelala juu ya mashamba hata sioni barabara inakoishia, mimi mwenyewe nilijiona mtu anayeota kwamba ana ajira.

Ajira yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye ng'ombe wawili watatu anachimbiwa shimo, linajengewa kuba la saruji, na kila asubuhi anakoroga samadi na maji na kuimimina humo. Gesi inapanda kwa bomba hadi jikoni. Kwa kuwa hapiki tena kwa kuni wala mkaa, kuna hewa chafu ambayo haikwenda angani. Hewa hiyo isiyokwenda inapimwa, inaandikiwa hati, na hati zinauzwa kwa makampuni ya mbali yanayotaka kufidia moshi wao. Mapato yake ndiyo yaliyowalipia wenye mitambo mafundi na vipuri. Masharti yalikuwa makali: kila jiko liwe na mita, kila kaya iwe na daftari, na mkaguzi apite bila taarifa. Mkaguzi wa kuanzia Janga hadi Maneromango nilikuwa mimi.

Mama yangu mzazi, huko kwetu nyanda za juu, nilipomweleza kwa simu aliuliza, "Kwa hiyo baba, mnauza hewa?"

Nilikasirika. Neno hilo kwetu lina ubaya wake: mfanyakazi hewa ni yule anayelipwa mshahara na hayupo duniani. Na ofisini kwetu Kibaha tulikuwa na maneno yetu, kaya hewa, yaani jiko lililoko kwenye orodha lakini halina moto. Wakaguzi wa nje wakiikuta moja, hati za wilaya nzima zingeweza kukataliwa. Basi mimi niliziwinda. Nilijivunia ukali wangu, sitaficha.

Nilichokipenda hasa, lakini, ni ule moto. Mchana hauonekani vizuri. Unaingia jikoni kwa mtu, kuta bado nyeusi kwa moshi wa zamani, na juu ya jiko hakuna kitu ila sauti ndogo kama pumzi za mtu aliyelala. Ukiukinga mwanga kwa kiganja ndipo unaona duara la bluu linacheza. Nilikuwa naweza kusahau fomu nikabaki nimeinama pale, mpaka mwenye nyumba akohoe kunikumbusha kwamba ana ugali wa kusonga.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa Maneromango, mvua imeacha kunyesha punde tu, na barabara imenitesa kisawasawa. Kabla sijafika kule mara ya kwanza nilikuwa nimesikia habari za misheni ya kale ya Kilutheri, na kwa kuwa mimi ni Mlutheri nilishajijengea kichwani Maneromango yangu, yenye kengele na kwaya, ambako kila mtu ni mtu wa kwetu. Ndoto hiyo ilinigharimu.

Nyumba ilikuwa kimya. Uani nilikuta mafiga sehemu tatu, makubwa, yamejaa majivu, na vijinga vya kuni vimelowa. Jikoni jiko la gesi lilikuwa la baridi, buibui ametandaza utando kwenye kichomeo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuja kunipokea. Alisema ni binti wa pale, ameolewa Kisarawe mjini, amekuja kukaa pale kwa muda.

"Mama yuko wapi?"

"Mama yuko eda."

Nikaandika. Kila juma nilikuwa nasikia jina la kijiji kipya. Hiki nacho nilikipokea.

"Atarudi lini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Atarudi? Atatoka ikiisha, kaka. Bado kama miezi mitatu."

"Na jiko nani anawasha?"

"Hakuna. Mie naliogopa hilo ligesi."

Mle ndani mtu alikohoa. Nilisikia kabisa. Nikadhani ni mgonjwa fulani, nikaendelea kupiga picha majivu. Kwenye fomu, penye sababu ya jiko kutotumika, kulikuwa na visanduku vinne: mtambo umeharibika, samadi haitoshi, mtumiaji amehama, nyingine. Nikatia alama kwenye amehama. Chini nikaongeza kwa mwandiko mzuri: Yuko Eda. Kaya hewa. Nikasaini, nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu.

Kanuni ilikuwa kwamba kaya iliyofutwa inang'olewa jiko na mita, wapewe wengine. Fundi alikwenda juma lililofuata, akarudi navyo.

Kisha kikawa kikao cha kufunga orodha. Mkuu wetu alikuwa akisoma taarifa zangu kwa sauti, akafika pale, akauliza, "Eda ni kata gani?" Hakuna aliyejua. Mmoja alifungua ramani kwenye simu. Dada aliyekuwa akiingiza takwimu, mzaliwa wa Kisarawe, aliangua kicheko hadi akashika meza. Halafu ghafla akaacha kucheka, akaweka mkono mdomoni.

"Kaka," akasema, "mama wa watu kafiwa na mumewe. Eda ni kukaa ndani. Miezi minne na siku kumi, hatoki. Na hayo majivu uliyopiga picha ni ya hitma ya arobaini. Walipikia watu."

Niliona aibu ambayo hata sasa, nikiandika haya, masikio yananiwaka. Yule mama alikuwa nyuma ya ukuta tu, upande wa pili. Nilimfuta akiwa anakohoa.

Kumrudisha haikuwa kazi ya kalamu moja. Ilibidi niwaandikie wakaguzi wa nje kwamba taarifa niliyoisaini si ya kweli. Mkuu alinivuta kando, akaniambia kwa upole, "Ukiifungua hii, watafungua zote ulizowahi kusaini. Mwache, mwakani tutamwandikisha upya." Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba mwakani, kwa mjane asiyeruhusiwa hata kutoka uani kujitetea, maana yake ni kurudi kwenye kuni. Mchana ule ule niliandika barua.

Wakafungua zote. Nilisimamishwa ukaguzi, wakampeleka mwingine kupita nyuma yangu nyumba kwa nyumba. Jibu kuhusu yule mama lilikuja kabla ya jibu kuhusu mimi: arudishwe. Niliomba lile lile jiko lake na mita yake, nikavifunga nyuma ya pikipiki, nikapita Kisarawe mawingu yameshuka mpaka kwenye miti, najiona naendesha ndani ya usingizi.

Binti alinipokea bila maneno mengi. Nilifunga jiko. Kisha nikasimama chini ya dirisha la chumba, pazia limeshushwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe wa siku ile?"

"Ni mimi."

"Nilikusikia," sauti ikasema, haina hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Ulikuwa unatembeatembea humo uani. Nikasema moyoni, mgeni huyu mbona hanipi pole?"

"Pole mama," nikasema. "Pole sana kwa msiba. Na unisamehe."

"Nishapoa." Kisha akauliza, "Ile hewa aliyoiweka marehemu, mlishaiuza?"

"Ya mwaka jana, ndiyo mama."

"Imekwenda wapi?"

Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia sijui, labda Ulaya. Akasema, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa kwamba mumewe amesafiri na amefika salama.

Kwa siku chache tulikoroga samadi pamoja na yule binti, nami nikilala kwa mwinjilisti wa misheni, mpaka gesi ikapanda. Nilimwonyesha jinsi ya kuwasha. Alijaribu mara mbili, akaruka nyuma, mara ya tatu likashika.

"Umewaka?" mama akauliza kutoka ndani.

"Umewaka, mama."

Binti akaniletea daftari la jiko. Siku ile ya kwanza sikuwa hata nimelifungua. Kurasa zake zilijaa mwandiko mmoja wa kulala, wa baba yake, alama kila asubuhi, na kila mstari penye jina la aliyewasha ameandika mimi, mimi, mimi, hadi katikati ya ukurasa. Baada ya hapo ni nyeupe.

Nilikaa nalo mapajani. Kisha nikaenda dirishani, nikauliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo niandike nani amewasha?"

Nilimsikia akisogea karibu na pazia.

"Andika mimi," akasema. "Mimi nipo."