Kijiji Namba Saba

Watoto wa Kenema walimwita Pa Panya, yaani Mzee Panya, naye hakuwakemea. Vandi Ngauja alikuwa ametega panya kwa miaka kumi na tisa, na kazi iliyokulisha muda wote huo huwezi kuikana. Aliwajua panya kuliko alivyowajua majirani zake. Alijua kwamba yule wa hatari, mwenye matiti mengi tumboni, hupenda chumba cha kulala kuliko shamba, na kwamba hajiwezi kwa siagi ya karanga iliyokandwa na samaki mkavu. Jioni aliweka mitego minne kila nyumba. Asubuhi alirudi na glavu na barakoa, akaikusanya, na wataalamu wakatoa damu ya panya kutafuta virusi vya homa ya Lassa. Mizoga ilichomwa moto, na hapo ndipo wazee wa vijijini walipoanza kumchokoza.

"Vandi, unachomaje kitoweo mbele ya watu wenye njaa?"

"Kitoweo hiki ukila leo, mzee wangu, mwezi hauishi tutakuwa tunakula wali wa msiba wako."

Walicheka, na wengine waliacha kweli kula panya. Utani wa Vandi uliokoa watu wengi kuliko mabango yote yaliyobandikwa kwenye zahanati, ingawa hakuna aliyeliandika hilo popote.

Keifala Gbondo alifika kwake akiwa mwanafunzi, amevaa viatu vyeupe na anaogopa panya kupita kiasi. Vandi alimfundisha kufungua mtego bila kuumwa, kuvua glavu bila kujipaka, na kukaa na watu wa kijijini bila kuangalia saa. Miezi minane alikula wali na majani ya muhogo kwa Baindu, mke wa Vandi, akamzoea Vandi hata akamwita mjomba. Mtu wa kabila la Wamende hamwiti mtu mjomba kwa mzaha. Kisha akaenda kusoma ng'ambo, akarudi daktari mwenye mradi wake mwenyewe, na nyumba ya kwanza aliyobisha hodi ilikuwa ya Vandi.

"Mjomba, nataka vijiji kumi. Damu ya panya na damu ya watu. Kimojawapo kiwe Gbandiwulo."

Gbandiwulo ni kwao Baindu. Vandi alisita, maana ukweni si mahali pa kupeleka majaribio, lakini aliyekuwa akimwomba alikuwa mtoto aliyemlea kikazi. Akakubali.

Walikwenda na kola, zile kokwa chungu za kufungia ahadi, kama inavyotakiwa. Mzee Boima, chifu wa kijiji, alizipokea, akazipasua, kila mtu akatafuna kipande chake, Keifala naye akatafuna huku amekunja uso kwa uchungu. Ndipo wazee wakauliza lililokuwa moyoni mwao: damu yetu ikionekana ina ugonjwa, nani atajua?

"Nyinyi na mimi," alisema Keifala. "Kwenye karatasi zangu jina la Gbandiwulo halitakuwepo. Mtakuwa kijiji namba saba, basi."

Mzee Boima hakumtazama daktari. Alimgeukia Vandi. "Mkwe wetu, umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Hesabu kwamba nimesema mimi."

Siku hiyo watu mia moja na kumi na wawili walitolewa damu. Fomu zilikuwa za Kiingereza, na Vandi, ambaye alijua kuandika namba za mitego na jina lake tu, ndiye aliyeshika kila dole gumba akalibonyeza kwenye wino kisha kwenye karatasi. Jioni alirudi nyumbani na fomu chache zilizobaki. Baindu, aliyesomea kwa masista, akanyoosha mkono.

"Lete nisome."

"Keifala ameshanisomea."

"Na mimi nina macho."

"Baindu, nimekula kola na huyu kijana. Nikikupa ukague karatasi yake, si nimemwita mwongo?"

Baindu akaurudisha mkono wake. Hata baba yake asingekagua karatasi ya mtu aliyetafuna naye kola.

Mwaka uliofuata, redio ya mjini ilisoma ripoti ya Dakta Gbondo. Ilisema kwamba Gbandiwulo, watu wanne katika kila kumi wana alama za Lassa kwenye damu, na kwamba panya wake ndio wabaya kuliko wa vijiji vyote kumi. Haikusema kwamba alama hizo ni za watu waliougua wakapona. Nani angejali? Jumamosi wanawake wa Gbandiwulo walikaa sokoni na mawese yao tangu asubuhi, hakuna aliyeyagusa. Wavulana wawili wa kijiji jirani walivunja uchumba. Shule ya ng'ambo ya mto iliwarudisha watoto nyumbani na barua ya adabu sana.

Baindu alitoa sandukuni fomu moja tupu, akaisoma amesimama.

"Imeandikwa hapa. Jina la kijiji linaweza kuchapishwa. Haikufichwa, Vandi. Ilifichwa kwako tu."

Vandi hata hapo alimtetea. Alisema labda ni waliochapa ndio waliokosea. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba mtu aliyeweza kumtambua panya gizani kwa mwendo wake alishindwa kumwona Keifala mchana kweupe. Alimpigia simu, na Keifala akajibu kwa sauti tamu kabisa.

"Mjomba, walinibana. Wenzangu ng'ambo walisema bila majina ya vijiji kazi haina uzito. Nitakuja kuwaeleza mwenyewe."

Hakuja. Mvua zikanyesha zikaisha.

Kiangazi kilipoingia, Tenneh, mdogo wake Baindu, alishikwa na homa. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Koo liliuma, kifua kiliuma, panadoli hazikusaidia. Habari ilifika mjini siku ya pili, na siku ya tatu asubuhi Vandi alikuwa mlangoni kwa mama mkwe wake, Mama Kema, na gari nje. Dawa ilikuwepo kwenye wodi ya Lassa mjini. Ikianza kabla ya siku ya sita huokoa wengi. Ikichelewa, na hasa kwa mwenye mimba, wauguzi wenyewe huinamisha vichwa.

"Mama, tumpeleke leo hii."

"Umpeleke wapi, redioni?"

"Mama, huyu ni Tenneh."

"Ni Tenneh, ndiyo, na nimemzaa mimi. Akilazwa pale wataandika anakotoka. Safari hii hata maji ya mto watatukataza."

Sauti ya Tenneh ikatoka ndani, imekauka. "Shemeji, umeniletea machungwa, au umekuja mikono mitupu kama kawaida yako?"

Vandi alitaka kumjibu kwa utani, utani haukuja. Alikaa barazani na wazee mpaka saa nane akiwasihi. Mwisho Mzee Boima akatoa neno.

"Mlete huyo Keifala. Asimame hapa, aseme kwa kinywa chake kwamba aliyetuuza ni yeye, si mkwe wetu. Akisema hivyo, Tenneh anapanda gari hapohapo."

Siku ya nne Vandi aliingia ofisini kwa Keifala bila kubisha. Alimweleza yote: siku zilizobaki, mimba, sharti la wazee. Keifala alimkumbatia, macho yakamlenga machozi. Machozi yenyewe hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo baya zaidi.

"Kesho saa nne asubuhi, mjomba. Haki ya Mungu nitakuwa pale."

Siku ya tano Mama Kema alimwogesha binti yake akiwa na glavu alizoletewa na Vandi, akamvika kitenge kipya, akafunga nguo zake kwenye mfuko. Wakamkalisha kwenye mkeka kivulini, amemwegemea mama yake, tayari kuondoka. Kijiji kizima kilikaa barazani. Saa nne ikapita. Saa sita gari la mradi likaingia, akashuka dereva peke yake. Dakta alikuwa ameitwa ghafla kupokea wageni uwanja wa ndege, alisema, ila ametuma barua.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na mwalimu alikuwa safarini. Mzee Boima akampa Baindu, aliyekuja kumuuguza mdogo wake. Aliipitia kwanza kimya, akasimama katikati, akamtazama mumewe, kisha akatazama chini.

"Soma yote," alisema Mzee Boima.

Akasoma yote, akiigeuza Kimende neno kwa neno. Mradi unawapa pole wananchi wa Gbandiwulo. Maelezo yote kabla ya kutoa damu yalitolewa kwa lugha ya wenyeji na Bwana Vandi Ngauja, mtu anayeaminika na jamii, ambaye alisimamia kila alama ya kidole. Pale palipotokea kutoelewana, yeye ndiye wa kuulizwa. Mradi unamshukuru kwa dhati kwa kazi yake.

Vandi alitoa simu akapiga. Imezimwa. Akapiga tena, dereva akajifanya anakagua gurudumu.

"Mimi sijawauza," alisema Vandi. "Huyu mtoto alinidanganya kama alivyowadanganya nyinyi. Baindu, waambie. Wewe uliisoma fomu."

"Naweza kusema nilichosoma," alijibu Baindu polepole. "Alichokusomea wewe sikukisikia."

Ilikuwa kweli tupu, na Vandi hakuwahi kuumizwa na neno kama hilo. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na mkewe hakuweza kumwongezea hata neno moja mbele ya ndugu zake. Aliwageukia wazee mmoja mmoja. Wale waliokuwa wakimtania juu ya mizoga walikuwa wakitazama miguu yao. Mama Kema akamwinua Tenneh, akamrudisha ndani, na mfuko wa nguo ukabaki mkekani mpaka mtu alipokuja kuuchukua.

Tenneh alifariki siku ya kumi na moja, na mtoto tumboni. Hakuna aliyethubutu kumgusa, kwa hiyo walimwita Vandi. Alikuja na maji ya klorini na mavazi yake ya kazi, akamwosha shemeji yake, akamfunga, akambeba na vijana wawili aliowavalisha glavu mwenyewe. Keifala alituma salamu za rambirambi kwa simu ya dereva. Vandi hakuzipokea, wala hakurudi tena kwenye mradi.

Matanga yalipoisha alimkuta Mama Kema uani, anapepeta mchele. Akamuuliza lililomsumbua tangu siku ile.

"Mama, mngemwachia tu apande gari. Keifala kuja au kutokuja kungeipunguza vipi homa ya Tenneh? Daktari mlimtaka wa nini?"

Mama Kema akaweka ungo chini.

"Daktari tulimtaka wa nini, Vandi? Tulitaka tu aliyetuuza asiwe wewe."