Mume wangu alikufa kwenye mbio za kilometa 21 kwa kuogopa kuitwa bibi harusi

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya ninayoandika yametokea, na yametokea nyumbani kwangu. Sijaongeza chumvi. Jina la klabu nimelihifadhi na majina ya watu nimeyaacha, wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Gungu, Kigoma. Nimeishia form four, kwa hiyo wale wenzangu wa kusahihisha uandishi wa watu leo mnipitie tu.

Niko ndani ya eda. Sitoki. Nimebaki na simu na hasira.

Mume wangu amefariki kwa mbio za half marathon. Nataka nieleze alivyokufa, kwa sababu kuna kitu kimoja kinafanyika kwenye klabu zetu za jogging ambacho nataka kikome. Kimoja tu. Someni hadi mwisho ndipo mnitukane.

Nilianza mimi. Baada ya kujifungua Nasri mwili ulijaa, nikawa napanda kilima kidogo tu nahema kama mgonjwa wa pumu. Jirani akanipeleka kwenye klabu inayokimbia kila Jumamosi asubuhi kuanzia Katubuka.

Baba Nasri alicheka sana.

"Unaenda kukimbizwa na waume za watu?"

"Si uje unikimbize wewe."

Jumamosi iliyofuata akaja. Akawaambia watu amekuja kulinda mali yake. Watu wakampenda siku hiyo hiyo, maana alikuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na fundi asiyejua kupiga stori Gungu hapati wateja.

Kwa wasiojua jogging zetu: mnajipanga mistari miwili, fulana za rangi moja, kapteni ana filimbi shingoni. Yeye anaimbisha, ninyi mnaitikia, miguu inafuata wimbo. Raha yake siwezi kuieleza. Unajikuta umefika uwanja wa ndege hujui umefikaje. Ule wimbo unakubeba, ila haukuulizi kama una nguvu za kubebwa.

Sasa kuna hii desturi.

Mtu akianza kuachwa, kapteni anapuliza filimbi, anauliza kwa wimbo, "Nani yuko nyuma?"

Kundi zima, "Bibi harusi."

"Mbona hafiki?"

"Anasubiri kushikwa mkono."

Maana bibi harusi ndiye anayetembea pole pole siku yake. Wanacheka wote, hata wewe unayeimbwa unacheka. Halafu mkifika mwisho, yule wa mwisho anafungwa kanga kichwani kama bibi harusi, anapigwa picha, inatupwa kwenye group la WhatsApp.

Mimi nimefungwa ile kanga mara nyingi na haikuniuma. Mimi ni mwanamke, kanga nimezaliwa nayo.

Baba Nasri alifungwa mara moja. Siku moja tu, alikuwa ameamka na mafua. Picha ikatoka kwenye group, ikafika kwa mteja wake. Yule mteja akaja kibandani mbele za watu, "Fundi bibi harusi, geti langu limefikia wapi?"

Alivyonisimulia alikuwa anacheka. Lakini usiku ule hakula. Nilimwekea ugali na samaki, migebuka ya mawese, chakula anachokipenda kuliko vyote, akasema ameshiba. Mke anajua.

Yakatangazwa mashindano ya kilometa 21. Tukajiandikisha wote wawili.

Mimi ni mtu wa kusoma, nikaingia humu humu JamiiForums, sijui ni nyuzi ngapi nimezisoma za wadau waliokimbia mbio ndefu. Nikajifunza neno pace, yaani mwendo wako. Nikaelewa kwamba kilometa 21 sio mchakamchaka. Unaanza taratibu mpaka unajiona mjinga, unaacha watu wakupite, nguvu unaiweka kwa ajili ya mwisho. Kipimo chake hakihitaji saa ya bei. Ukiweza kuongea sentensi nzima huku unakimbia, uko sawa. Ukikatika katikati, punguza.

Kwa hiyo tukaanza kutoka peke yetu siku za katikati ya wiki. Mtoto tunamwachia mama mkwe, tunashuka barabara ya Gungu kabla ya bodaboda hazijaanza fujo.

Kipimo chetu kilikuwa stori. Namwambia, "Haya, nisimulie ya jana kibandani." Anaanza. Akikatika namwambia, "Fundi, punguza moto." Anapunguza, anaendelea na stori pale pale alipoishia.

Wakuu, nimeolewa miaka mitatu na nadhani kwenye ile barabara ndiko nilikomjua mume wangu. Alinisimulia habari za marehemu baba yake. Alinisimulia kwamba anataka Nasri asome, asije akaharibu macho kwa kuchomelea kama yeye. Nyumbani hakuwa anayasema hayo. Tukifika juu, tunakaa kwenye ukingo, ziwa lote liko chini yetu limetulia, milima ya Kongo kule ng'ambo, tunakunywa maji kwenye chupa moja.

Tulifika mahali tunakimbia masaa mawili tukiongea. Sijawahi kuwa na afya kama ile, na yeye hivyo hivyo.

Wiki ya mbio akashikwa na malaria.

Alipimwa, akapewa dawa mseto, akamaliza dozi. Homa ikaondoka lakini mtu alikuwa bado. Akipanda ngazi za nyumba ya mteja anashika ukuta. Nikamwambia tuache, mbio zipo mwakani.

"Namba nimeshachukua, Mama Nasri. Nikikosa watasema nimeogopa."

Tukakubaliana. Tutakimbia wawili, pace ya stori, pale atakapochoka tunatembea. Hata tukiwa wa mwisho kabisa. Aliniahidi, na alinipa mkono kama anavyowapa wateja wake.

Siku yenyewe tulitakiwa kuanza alfajiri. Hatukuanza. Mgeni rasmi hajafika. Tukasimama pale Mwanga, tukaimbishwa, tukapigishwa mazoezi ya viungo ili tusipoe, jua likatoka, likapanda. Tumesimama tu. Watu maji yao ya njiani waliyamaliza pale pale kabla ya mbio. Mgeni rasmi alipokuja alikuwa na hotuba.

Hili la mgeni rasmi nina hasira nalo pia, lakini leo sio siku yake.

Tukaanza. Njia ilikuwa kushuka hadi stesheni, kupanda tena Mwanga, halafu kupitia Rusimbi kwenda Ujiji na kurudi. Sisi tukaenda mwendo wetu. Watu wanatupita, hatujali. Anasimulia geti la mteja mmoja mbahili, ananichekesha. Namsikiliza pumzi. Iko sawa.

Klabu yetu ilichelewa kuondoka kwa sababu ya kupiga picha na mgeni rasmi. Wakatukuta kwenye kile kilima cha kutoka stesheni. Nilisikia filimbi kabla sijawaona.

"Nani yuko mbele?"

Wakacheka, maana ilikuwa mpya.

"Bibi harusi."

"Kaja na nani?"

"Kaja na mkewe."

Kilima kizima kinacheka. Watu wa pembeni wameshika simu wanarekodi.

Nikamwambia, "Baba Nasri, waache wapite."

Akawatazama wale wenye simu. Halafu akasema, "Ngoja nijitoe aibu hapa juu tu. Nakusubiri Rusimbi."

"Umeniahidi."

"Rusimbi, mke wangu."

Akaingia kwenye mstari. Kapteni akapuliza filimbi, wakambadilishia wimbo, sasa anaimbwa shujaa. Niliona mgongo wake ukipanda na wao mpaka ukapotea kwenye zile fulana.

Rusimbi nilifika. Hakuwepo.

Nikaendelea. Sikuongeza mwendo, maana nilijua nikiongeza nitaisha na mimi. Nilikuwa najiambia atakuwa ameniona sifiki, amekwenda.

Kabla sijaingia Ujiji nikakutana nao wao wanarudi. Bado wanaimba. Baba Nasri alikuwa mstari wa nyuma, mtu mmoja kila upande. Kichwa kimelala upande mmoja. Anayumba kama mlevi. Macho yako wazi lakini yalinipita kama yanavyopita nguzo ya umeme.

Nikapiga kelele. "Mtoeni huyo. Anaumwa huyo, mwekeni kivulini."

Kapteni akanijibu huku anakimbia, "Mama Nasri, mwache mwanaume amalize mbio."

Wakaitikia, "Amalize mbio." Waliitikia, wakuu. Waligeuza neno langu wimbo.

Nikageuka nikaanza kuwafuata. Hapa ndipo panaponiamsha usingizini. Siwezi kuwafikia. Mimi ni wa mwendo wa stori na wao wako na filimbi. Nakimbia kwa nguvu zangu zote na nawaona wanazidi kuwa wadogo mbele yangu.

Nilimkuta ameanguka hatua chache kutoka kwenye maduka ya Rusimbi. Klabu imeshapita, wamebaki wawili wamesimama wanatazamana. Watu wamemzunguka, mmoja anasema kifafa, mwingine anasema apewe kitunguu anuse. Nilimshika. Alikuwa wa moto kuliko alivyokuwa na malaria. Namwita, ananijibu maneno yasiyo na maana, anaongea na marehemu baba yake.

Gari la wagonjwa lilikuwa kwenye kumalizia, kwenye medali. Tukampakia kwenye bodaboda, katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Dereva wala sikumjua. Alitupeleka mbio, hakutaka hata nauli, Mungu amlipe.

Daktari alisema mwili umechemka, na ulikuwa haujapona malaria. Wakamwekea maji ya baridi, wakamtundikia dripu, wakafanya waliloweza. Alifariki kabla ya magharibi. Hakunitambua tena.

Mama mkwe alipofika alinikuta nimevaa bado namba ya mbio.

Msijaribu kunifundisha kadari. Mimi ni Muislamu, najua siku ikifika imefika. Lakini nyie mnaosema siku yake ilifika ndio hao hao mnaomnunulia mtoto chandarua.

Baada ya mazishi klabu walikuja. Siwezi kusema hawakuja. Walileta mchele, walileta rambirambi, walibeba maji, wanawake wao walipika. Niliwapokea, msiba ni msiba.

Baadaye kapteni akarudi. Alikaa barazani na shemeji yangu aliyesafiri kuja msibani, akasema na mimi niliye ndani nyuma ya pazia.

"Shemeji, pole sana. Tunataka tufanye jogging ya kumuenzi ndugu yetu. Fulana tumeshachapisha, zina picha yake. Tunaomba baraka zako."

"Mtaimba nini?" nikamuuliza.

Akaikunjua fulana moja.

"Nakuuliza, mtu akiachwa nyuma siku hiyo mtamwimba nini?"

"Shemeji, ule ni utani. Hata marehemu alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka na wewe. Alikuja kulala na mimi bila kula."

Shemeji yangu akakohoa, ile ya kuniambia nipunguze. Sikupunguza.

"Sikiliza, kapteni. Mtafuteni mwenye mwendo mdogo kuliko wote, mama mwenye kilo zake, mzee, aliyetoka kuumwa. Mwekeni mbele kabisa. Nyote mkae nyuma yake, hakuna kumpita, mpaka Ujiji na kurudi. Na kuanzia hapo iwe hivyo kila Jumamosi. Mkifanya hivyo baraka zangu zote chukueni."

Akaikunja ile fulana. Halafu akasema kwa upole kabisa, kama anayemwelewesha mtoto, "Shemeji, hiyo sasa sio jogging. Hayo ni matembezi."

"Basi mume wangu msimtaje."

Walikimbia hata hivyo. Jumamosi iliyopita, walipita mtaani kwetu makusudi, polepole, wanaimba jina lake. Wimbo mzuri, sitasema uongo. Mama mkwe alitoka hadi barabarani, akarudi analia, ananiambia, "Umeona wanavyompenda mwanangu?"

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni. Nikamtazama, mwanaye wa pekee aliyekuwa amebaki Kigoma, nikamwambia, "Nimeona, mama." Nikaenda kumwogesha Nasri.

Basi, wakuu, nimejifunza nini.

Pace ni ya kwako kama kiatu. Hakuna wa kukuchagulia, awe kapteni, awe mke, ziwe kelele za kilimani. Mtu aliyemaliza dozi ya malaria juzi hajapona, amemaliza dozi tu. Asikimbie, na akikimbia atembee. Mkimwona mwenzenu anayumba na hajibu anachoulizwa, mbio zimekwisha hapo hapo. Mtoeni juani, mmwagieni maji, tafuteni gari. Na waandaaji, mgeni rasmi akichelewa mwacheni, watu waanze.

Na klabu zote, Kigoma na kwingine, acheni kumwimba aliye nyuma. Hilo ndilo nililokuja kuliomba. Mnaweza kuimba mambo mangapi duniani.

Mwenye klabu ambayo anayechoka anasubiriwa, aniambie iko wapi, nataka kujua tu kwamba ipo. Mwenye kupoteza mtu namna hii, aandike, tupeane pole.

Na wale wa klabu yetu mtakaokuja kuniambia ilikuwa utani, njooni. Niko ndani, sina pa kwenda, nitawajibu mmoja mmoja.