Chumvi ya Zabibu za Dada Tabu

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilimeza. Fundi Mkuu, ambaye mvinyo wote wa pale ulipikwa kwa amri yake, alinipa glasi ya mvinyo mweupe na ndoo ya kutemea. Sasa mimi ni mtoto wa Kintinku. Kwetu, ukitema ulichopewa na mtu, umemtukana machoni pake. Nikameza, na glasi ya pili nikameza.

"Mika, hapa tunaonja, hatunywi," akasema. "Ukiendelea hivyo, saa nne tutakubeba."

Basi nikajifunza kutema. Nikajifunza pia kwamba mvinyo huitwa mkavu pale hamira inapokula sukari yote ya zabibu. Hubaki uchachu, kama wa limau, na ladha ya ardhi yenyewe. Ardhi yetu iko bondeni, visima vina magadi, na mvinyo wetu uliishia na chumvi kidogo pembeni mwa ulimi. Fundi Mkuu akiipata hiyo chumvi hufumba macho, kisha huniuliza, "Shamba la nani hili?" Mara nyingi lilikuwa la dada Tabu.

Dada Tabu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Mizabibu aliipanda mwenyewe na kuimwagilia kwa ndoo. Mvinyo wake hakuwahi kuuonja. Ulipakiwa kwenda mbali, na mimi, mtu mzima na akili zangu, sikumpelekea hata chupa moja.

Baadaye nikapewa cheo cha Mkuu wa Mapokezi. Mimi ndiye niliyewaambia wakulima siku ya kuchuma, na mimi ndiye niliyekagua mzigo getini. Fundi Mkuu alikwisha kustaafu, akaja Meneja aliyetaka mvinyo mtamu.

"Wasichume kwanza," akaniagiza. "Zabibu zikae wiki mbili zaidi, zijae sukari."

Nikaenda kwa dada. Nikatafuna mbegu, ndicho kipimo alichonifundisha Fundi Mkuu: ikivunjika kavu kama karanga, zabibu iko tayari. Ilivunjika.

"Mika, hizi zimeiva," dada akasema. "Na mvua ile pale inakuja. Niambie nichume."

"Subiri, dada. Ni agizo la ofisi."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, zabibu zikapasuka na kuota ukungu. Alizileta hivyo hivyo kwa mkokoteni wa punda, na mtu wa kuzikataa getini nilikuwa mimi. Nikazikataa. Hakugombana nami. Alirudi akang'oa mizabibu yote, akapanda alizeti kama majirani zake.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza siri ya kazi. Siri gani? Ukijua jambo, liseme siku ile ile. Cheo kitakuacha, aibu haikuachi ng'o.

Mwezi uliopita nilichukua chupa yangu ya mwisho ya mavuno yake ya zamani, nikampelekea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikammiminia. Akanywa funda moja.

"Kumbe ndiyo huu," akasema. "Una chumvi ya kisima changu." Kisha akanitazama. "Siku ile, Mika, ulijua kwamba zimeiva?"

Akapiga funda la pili, akilishikilia mdomoni, akiningoja.

"Nilijua, dada."

Akalitema chini, taratibu, akanirudishia glasi.