Jina lililomshinda koplo wa zimamoto

CHANGAMWE, 1948 — Saa kumi na mbili asubuhi. Wazima moto wamejipanga mbele ya gari lao, kofia za chuma kwapani, na Koplo Tsuma Thoya anaita majina.

"Bakari."

"Naam."

"Gona."

"Naam."

Kisha koplo ananyamaza, anatazama chini, halafu anaendelea na jina jingine.

Katika kimya hicho kuna mtu. Ni Nzai Mwarandu, mkongwe kuliko wote kituoni, na ndiye baba mkwe wa koplo. Zamani, koplo akifika hapo na kunyamaza, mzee alikohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kuitika kwake. Wenzake walicheka hadi wakazoea. Siku hizi hakohoi mtu. Nzai yuko kwake Magongo, amelala na mguu uliovunjika.

"Aliyemvunja ni mimi," anasema Tsuma paredi ilipokwisha. Tumeketi kwenye ngazi ya gari, naye anaifuta kofia ambayo tayari ni safi. "Wanasema ni paa. Paa lilikuwa limeniarifu."

Kwa watu wa kwao, upande wa Rabai, mtu hamtaji baba wa mkewe kwa jina. Akikutana naye njiani humpisha, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mwingine. Heshima hii imejenga nyumba nyingi, wala mwandishi huyu hana la kuibeza. Lakini hakuna aliyewahi kuipeleka kwenye moto akaijaribu.

Tsuma alisoma kidogo kwa wamishenari. Kazi ya zimamoto aliipata kwa mkono wa Nzai mwenyewe, mwaka aliomwoa binti yake, Kanze. Vita vilipokwisha, mkuu wa kikosi alitaka mtu wa kuongoza zamu, ajuaye kusoma. Nzai hajui kusoma. Mkwe akapanda juu ya mkwe, na nyongeza ya shilingi nane kwa mwezi.

"Bwana mkubwa aliniuliza mbele ya wote kama kuna jambo la kunizuia. Nikasema hakuna." Anatabasamu vibaya. "Nilikuwa nautaka ule utepe wa ukoplo, ndugu yangu. Kanze alipoushona kwenye shati, nililivaa hadi sokoni."

Miezi ile ya kwanza aliongoza kwa hila. Akitaka Nzai aviringishe mpira wa maji, alimwambia Bakari, "Mpira ule uviringishwe," na mzee, aliyesimama hatua mbili tu, akauviringisha. Kazi ilikwenda. Tsuma akajiona kiongozi.

Mwezi uliopita likawaka ghala la mbata karibu na reli. Nazi kavu ina mafuta, na moshi wake ni mzito. Tsuma aliwapandisha watu watatu juu ya bati watoboe tundu la kutolea moshi: Bakari, Gona na Nzai. Yeye akabaki chini kutazama, maana kutazama ndiyo kazi ya koplo.

Akaona boriti inapinda.

"Nikapiga kelele washuke. Pampu ilikuwa inanguruma, hawakusikia. Nikaita, Bakari! Akageuka. Nikaita, Gona! Akageuka. Wakaja kwenye ngazi. Mzee alikuwa amenipa mgongo, anakata bati."

Hapo anaacha kuifuta kofia.

"Kinywa kilikuwa wazi. Jina nalijua, nimelijua tangu siku ya posa. Halikutoka. Nikamwambia Bakari, rudi ukamwambie mzee ashuke."

Bakari, kijana wa Likoni, hakubishana, ila alikuwa ameshashuka nusu ya ngazi. "Wallahi, nilipokamata ukingo wa paa tena, mzee hakuwapo," ananieleza. "Palikuwa na shimo tu. Jina moja lingetosha. Mtu akisikia jina lake hugeuka, hata usingizini."

Walimtoa akiwa hai, paja limevunjika na mkono umeungua. Tsuma ndiye aliyeingia kumtoa, akambeba mgongoni. Kikosini wamemsifu kwa hilo, na sifa hizo hawezi kuzisikiliza. Kila mtu anaposema "hongera, koplo," yeye hutazama viatu vyake.

Nyumbani, Kanze hakumficha lake. "Baba yangu alimpa mtoto wake," anasema akichambua mchicha, bila kupandisha sauti. "Yeye akashindwa kumpa baba jina lake mwenyewe. Nampikia, namfulia. Sijui nimweleze nini zaidi."

Kila jioni Tsuma huenda Magongo kwa mkwewe. Haingii chumbani. Hukaa barazani hadi giza liingie, akarudi. Alikwisha kuuvua ule utepe ili aurudishe kwa mkuu. Kanze alipompasha baba yake habari hiyo, mzee alikasirika kuliko siku aliyoanguka.

Nilimkuta Nzai amelala chali, mguu umefungwa kwa mbao. "Mwambie asiniongezee aibu juu ya maumivu," aliniambia, naye akijua vizuri mkwewe yuko nyuma ya ukuta anasikia. "Nami nina kosa. Kile kikohozi nilikianza mimi. Nilikuwa naona raha, koplo mzima ananiogopa. Mficha uchi hazai. Basi alete kadzama."

Kadzama ni tembo la mnazi linalopelekwa kwa wazee mtu anapotaka ruhusa ya jambo zito. Nzai ameweka Jumapili. Litanywewa mbele ya ndugu zake, na Tsuma atafunguliwa kinywa: ataliita jina siku hiyo, kisha iwe kazini tu, nyumbani heshima ibaki pale pale. Mguu utapona kwa kupinda kidogo, na mzee anataka kurudi kituoni kuendesha pampu.

Utepe umerudi kwenye shati, umeshonwa na Tsuma mwenyewe, na mshono haukunyooka.

Wakati wa kuagana, nikiwa na kalamu mkononi, nilimwomba anitajie jina la mkwewe nisije nikakosea. Midomo ilifunguka. Akautazama ukuta wa kituo, kisha akatikisa kichwa.

"Jumapili," akasema. "Nitasimama mlangoni pake nimwite, aitike akiwa kitandani."

"Asipoitika?"

Akaivaa kofia yake.

"Ile siku alipokuwa juu ya bati sikumwita hata mara moja," akasema. "Nitamwita tena."