Mke wangu alifariki, dairekta akakataa nafasi yake ijazwe kwa mchezo wetu

Wakuu, mulembe.

Mimi huwa msomaji tu humu. Lakini hii imenikaa kwa roho, na siongezi chumvi. Kama unatafuta uzi wa kuchekesha, pita tu bana.

Niko Matisi, Kitale. Mimi na mke wangu Nekesa tulikuwa tunaigiza mchezo wa watu wawili kwenye maholi ya kanisa. Mume anarudi kutoka safari, anasalimia, mke anampakulia chai, wanazozana mpaka chai inapoa. Basi. Watu walikuwa wanavunjika mbavu, kwa sababu nikisema neno moja Nekesa ananirudishia kumi.

Mwaka jana akaugua, akatuacha.

Wacha niseme ukweli: nyumba ya mtu mmoja inakuwa kubwa vibaya. Unasonga ugali, unapata ni wa wawili. Mpaka leo nikifungua mlango nasema "mulembe", ile salamu yetu Wabukusu inayojibiwa kwa neno hilo hilo. Ni mazoea tu. Hakuna anayejibu.

Sasa dairekta wetu, Madam Chebet, mama wa huko juu Mlima Elgon asiyejua kubembeleza mtu, akaniita turudi stejini. Nilifurahi, maana hiyo ndiyo kitu pekee ilikuwa imebaki ya kunitoa kwa nyumba. Nikamuuliza nani atacheza Nekesa.

"Hakuna."

Ati nini?

"Utasema mistari yako vile iko. Ikifika yake, unanyamaza mpaka pale angemaliza. Hatubadilishi neno."

"Madam, unataka kuniua mbele ya watu."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilijua nikivunjika kule mbele, stejini sirudi tena maisha yangu yote.

Tukaanza na hapa Kitale, mji wa kila kabila. Wee! Ile kimya ya kwanza tu, mama mmoja akasema kwa sauti, "Maskini, amesahau." Watu wakacheka. Tukiendelea, wakaacha.

Kuna mahali nasema, "Haya, nimekusikia, si lazima urudie." Zamani hapo ndipo holi lilikuwa linapasuka. Maneno ni yale yale, wakuu, lakini siku hiyo hakuna mtu hata alikohoa. Hapo ndio niliona kumbe mchezo si maneno peke yake. Ukitoa sauti moja na uache nafasi yake wazi, kichekesho kinageuka matanga.

Makofi yalikuwa machache. Nilienda nyumbani nikijiona nimevuliwa nguo mbele ya watu.

Wiki iliyofuata, Bungoma, kwa Wabukusu wenyewe. Jumamosi mchana, holi limejaa, watoto wamekaa chini. Nikaingia na begi langu, nikasema mstari wa kwanza:

"Mulembe!"

Nikanyamaza, nikiangalia kiti chake.

"Mulembe!"

Holi lote. Wamama, wazee, watoto.

Si mnajua watu wetu. Huwezi kumwambia Mbukusu mulembe akanyamaza, hata kama ni mchezo. Hawakujua ile kimya ilikuwa ya Nekesa.

Nililia, wakuu. Si kulia ya kuigiza. Nikamtazama Madam Chebet pale pembeni, nikidhani amekasirika wamemharibia kazi. Alikuwa ameziba mdomo na leso.

Nikaendelea mpaka mwisho. Zile kimya zingine hakuna aliyezigusa. Walikuwa wameshaona kile kiti hakina mtu, wakaniachia.

Funzo? Nilidhani Madam ananinyima mtu, kumbe alikuwa ananiwekea nafasi. Tungeleta mwigizaji mwingine, yeye ndiye angejibu ile salamu, watu wangecheka, na mimi ningerudi Matisi vile nilitoka.

Jioni nikafungua mlango, nikasema mulembe. Kimya. Nikangoja kidogo vile nimefunzwa, halafu nikaweka chai.

Wale mnajua maigizo, nikosoeni. Wale mmefiwa, niambieni nyinyi hufanyaje mkifika nyumbani. Na kama huna la kusema, si umeona vile nilianza hapo juu?

Nilisalimia. Nijibuni.